Walioketi Juu ya Ubao

Jumapili ya kwanza Grégoire Mushagalusa alipopaa, alirudi chini na mdomo uliojaa damu. Alitema meno mawili kwenye majani, akayatazama, kisha akageuka kumwangalia mzungu aliyekuwa akija mbio. Alidhani anakuja kumsaidia. Bwana Wauters akampita, akapiga goti kando ya ndege, akapapasa boriti yake ya chini kama mtu anayekagua mguu wa farasi.

"Haikupasuka," akasema bila kuinua kichwa. "Panda tena."

Grégoire akapanda tena.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nane, kwenye uwanja wa majani upande wa Miti, mahali ambapo wazungu wa Bukavu walikuwa na chama chao cha planeri. Planeri ni ndege isiyo na injini. Mota ya lori la zamani, iliyofungwa mwisho wa uwanja, ilikunja waya mrefu na kuivuta ndege mpaka ikainuka. Kisha rubani aliachilia waya na kubaki akielea kwa upepo peke yake. Za kufundishia zilikuwa mbili. Moja iliitwa biplasi. Ilikuwa na viti viwili na kioo cha kufunika, mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma, kila mmoja na usukani wake. Ya pili haikuwa na kioo wala ukuta. Ilikuwa boriti moja ndefu yenye bawa juu na mkia nyuma, na mbele kabisa kiti cha mbao, ambapo mtu mmoja alifungwa mkanda, miguu ikiwa wazi hewani. Hakuna mwalimu aliyeweza kupanda nawe. Wafanyakazi wa uwanja waliiita Ubao.

Watoto wa wakoloni walianzia kwenye biplasi. Wakongo walianzia kwenye Ubao.

Grégoire hakuona ajabu, kwa kuwa kila alichojua alikuwa amefundishwa kwa kipigo. Baba yake, mlimaji wa Nyantende, alimfundisha kuchunga ng'ombe kwa fimbo, na fimbo ile haikuwagusa ng'ombe. Alipokuja mjini akapata kazi ya kupakia makreti katika kiwanda cha bia, na jioni akaanza kupiga ngumi katika banda moja la Kadutu. Mwenye banda, Constantin, sajini wa zamani wa Force Publique, jeshi la wakoloni, alikuwa na namna moja tu ya kumpokea mgeni: alimpiga mpaka akaanguka. Aliyerudi kesho yake ndiye aliyehesabiwa mwanafunzi. Grégoire alirudi na jicho lililofumba kabisa. Miaka michache baadaye, hakuna mtu wa uzito wake kutoka Bagira mpaka Uvira aliyetamani kukutana naye ulingoni.

Jina hilo la ngumi ndilo lililomfikisha Miti. Mwaka ule urafiki wa Wabelgiji na Wakongo ulikuwa katika kila hotuba, na rais wa chama akataka picha za gazeti: Wakongo wachache waliosoma, wamesimama kando ya planeri. Wakachukuliwa makarani wawili, mwalimu wa shule, Grégoire bingwa wa ngumi, na rafiki yake Léopold, muuguzi wa hospitali, mtu mwembamba mwenye miwani. Léopold ndiye aliyetamani jambo hili kuliko wote. Tangu utotoni alikuwa akisimama barabarani kuangalia tai wanavyozunguka juu ya ziwa bila kupiga bawa.

Picha zikapigwa. Jumapili iliyofuata wapiga picha hawakuwepo, na Bwana Wauters akawaonyesha kiti cha mbao.

Wauters alikuwa mkuu wa mafunzo, mtu wa miaka hamsini, shingo nyekundu, mkononi fimbo nyembamba ya mkalatusi. Yeye mwenyewe alijifunza hivyo Ulaya, alisema, akavunjika mbavu na bado akapanda. "Mimi sichagui mutu," aliwaambia kwa Kiswahili chake. "Hii mbao njo inachagua."

Ikafika zamu ya Léopold. Dada yake mdogo, Clémence, mwalimu wa wasichana katika shule ya masista, alikuwa amekuja na kikapu cha chakula, akaketi kwenye majani kutazama.

"Bwana, kama inapanda sana, nifanye nini?" Léopold akauliza.

"Utajua."

Waya ukavuta. Ubao ukaruka mbele kwa nguvu hata kichwa cha Léopold kikagonga boriti nyuma yake, na miwani ikaanguka. Akafanya ambalo mtu yeyote aliyeshtuka angefanya: akashika usukani na kuuvutia kifuani. Ubao ukasimama wima, pua mbinguni, mkia ukielekea ardhi. Waya ukakatika kwa mlio kama wa bunduki. Ndege ikaning'inia hapo kidogo, kimya kabisa, kisha bawa la kushoto likadondoka na vyote vikalifuata.

Clémence alifika kabla ya wanaume. Aliliinua bawa peke yake, kwa mgongo, na wenzake walipofika walimkuta ameinama chini yake akitetemeka, na kaka yake anatambaa kwa viwiko kutoka chini. Mfupa wa paja ulikuwa umetoboa suruali. Léopold aliutazama kama muuguzi. Akaanza kuwaelekeza: leteni mbao mbili nyembamba, kateni shati, fungeni hapa, si hapo, kazeni. Alielekeza mpaka fundo la mwisho, ndipo akazimia.

"Alivuta," akasema Wauters akiwa amesimama. "Nilimwambia asivute."

Kwenye mlango wa banda la ndege, biplasi ilikuwa kivulini, safi. Kijana wa mwenye shamba la kwinini alikuwa ameshuka kutoka humo muda mfupi uliopita, nywele zimevurugwa na upepo, anakula mkate na kucheka na mama yake. Alipoona damu akaacha kutafuna.

Makarani hawakurudi tena. Mwalimu wa shule alirudi mara moja, akatupwa, akapasuka kidevu, naye akaaga. "Nilikuwa napenda kuangalia tai," alimwambia Grégoire njiani. "Sasa hata tai minaona haya kumuangalia."

Akabaki Grégoire. Kila Jumapili alipanda Ubao, akavutwa, akaruka mstari ulionyooka, akagonga ardhi. Alivunjika kidole, bega likateguka, akalirudisha mwenyewe kwa kujigonga kwenye nguzo. Akikosea, Wauters alimchapa kwa ile fimbo juu ya vidole. Akipatia, mzungu alinyamaza. Siku moja tu alimpiga begani kwa kiganja na kusema, "Weye iko na roho ya chuma."

Grégoire aliyabeba maneno hayo mpaka hospitali, akamweleza Léopold kwa furaha. "Bale bengine balikuwa baoga," akasema. "Ile mbao inataka mwanaume."

Léopold, mguu umefungwa juu kwa kamba na mawe, aligeuza uso ukutani. Clémence ndiye aliyesimama, akafungua mlango, akangoja rafiki wa kaka yake atoke.

Miezi ikapita. Alasiri moja Wauters alikuwa ameitwa mjini kwenye mkutano, na uwanjani kulikuwa na mwalimu wa pili, Lambert, bwana shamba kijana aliyezungumza taratibu na kuvuta sigara nyingi. Alimtazama Grégoire akigonga ardhi, akamwendea.

"Umeruka mara nyingi sasa," akasema. "Huko juu umeona nini?"

Grégoire akafikiri. "Majani, Bwana."

"Majani tu?"

"Nayaangalia vile yanakuja."

Lambert akatupa sigara, akaenda kufungua kioo cha biplasi.

Waya uliwavuta, lakini nyuma yake kulikuwa na mtu anayeongea. Sasa tunapanda. Sasa nitaachia waya, utasikia kishindo kidogo, si kitu. Kishindo kikaja, kikapita. Lambert akageuza ndege kuelekea mteremko, mahali upepo wa ziwa unapanda mlima kila alasiri, na Grégoire akahisi kiti kikimsukuma kutoka chini, polepole, kama mkono wa mtu anayekuamsha kwa upole. Wakapanda. Mashamba ya chai yakawa vitambaa. Ziwa likafunguka lote mpaka kisiwa cha Idjwi na ng'ambo yake, na mji wa Bukavu ukaonekana umelala majini kwa vidole vyake vya nchi kavu. Aliitafuta Kadutu, akaiona: moshi, mabati, njia nyekundu. Hakuna kilichogonga chochote.

"Shika," Lambert akasema. "Mimi nimeachia."

Grégoire akashika kwa vidole vilivyopinda. Akageuza kushoto, ndege ikamtii. Akageuza kulia. Ndipo akamfikiria Léopold barabarani, shingo imeinuliwa, akihesabu tai. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa hili. Miezi yote ile alikuwa akiketi mlangoni mwa nyumba akipigwa, akiamini kwamba kipigo ndiyo nyumba.

Walipotua, Wauters alikuwa amerudi. Alisimama kando ya banda, fimbo ikimgonga mguuni. Alimfokea Lambert kwa Kifaransa, kisha akamgeukia Grégoire.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Bwana, nauliza swali moja." Sauti ya Grégoire ilikuwa chini. "Siku ile ya Léopold, hii biplasi ilikuwa hapa. Mimi niliiona. Juu ya nini hamukumuweka ndani?"

"Biplasi iko bei kali. Na ninyi, ni lazima kujua mbele kama muko na roho."

"Léopold alikuwa na roho. Hakukuwa na mutu nyuma yake."

Fimbo ikampata usoni, kutoka sikio mpaka mdomo, pale penye pengo. Grégoire hakuona hasira ikija. Mguu wa kushoto ulijiweka mahali pake, kiuno kikageuka, na ngumi ikatoka kama alivyofundishwa. Taya la Wauters lilivunjika kwa sauti ambayo kila mtu uwanjani aliisikia. Alianguka chali, macho wazi. Grégoire akasimama juu yake, ngumi bado zimeinuka, mpaka Lambert alipomshika kwa nyuma na kusema sikioni mwake, "Basi. Basi."

Polisi walimchukua jioni hiyohiyo, na ndani ya gari walianza kumpiga kwa vitako vya bunduki. Gerezani walimpiga kwa utaratibu. Alilazwa kifudifudi uani, wawili wameshika mikono, wawili miguu, na fimbo ya kiboko ikafanya kazi yake mbele ya wafungwa waliopangwa mstari kutazama. Mwanzoni alijaribu kutolia kama alivyozoea kwa Constantin. Halafu akajiuliza anamwonyesha nani, akalia. Mlinzi mmoja akamkanyaga mkono wa kulia kwa buti, akauzungusha mguu kama anayezima sigara. Mkono ule haukufunga ngumi sawasawa tena.

Lambert alimletea mkate na sigara. Habari alizoleta zilikuwa za uwanja. Wauters alipona, taya limeshonwa kwa waya, na sasa ameamuru kwamba kila mgeni, mweupe au mweusi, aanzie kwenye Ubao, ili asiwepo wa kusema kuna upendeleo. Wageni wa msimu wa kiangazi wakaja kwa wingi, na karibu wote wameondoka. Msichana mmoja wa posta alivunjika mkono. Mwenye duka la vitambaa alitapika, akapanda gari lake bila kuaga. Kijana wa shamba la kwinini, aliyeanzia kwenye biplasi, bado anakuja kila Jumapili.

Alitoka gerezani mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na tisa, kazi ya kiwandani imekwenda, na akaenda moja kwa moja kwa Léopold huko Kasha. Mguu ulikuwa umeunga vibaya. Rafiki yake alitembea kwa mkongojo, akiyumba kama mtumbwi. Grégoire alijaribu kumweleza alichokiona juu, ziwa, Kadutu, mkono ule unaosukuma kutoka chini. Lambert yuko tayari kumpandisha, alisema, siku ya kazi, Wauters akiwa mjini.

"Ndeko, ndugu yangu, unaniambia vizuri," Léopold akajibu. "Lakini nikifunga macho nasikia ule waya. Usiniite tena kwa ile mambo."

Clémence alikuwa akisahihisha madaftari mezani. Akaweka kalamu chini. "Mimi nitaenda."

"Clémence, hapana," kaka yake akasema.

"Kaka, ile kitu ilikuvunja, na mimi sijaijua. Nataka kuijua."

Wakaenda Alhamisi. Clémence alivaa gauni la shule na kufunga kitambaa kichwani kwa fundo mbili. Mikono yake ilikuwa baridi wakati Grégoire anamfunga mkanda, na macho yake yalibaki kwenye Ubao uliokuwa umeegemezwa kando. Lambert akaketi nyuma, akaanza kuongea naye kwa ile sauti yake ya taratibu, na waya ukavuta.

Waliporudi, aliteremka bila msaada, akatembea mzunguko mmoja kuizunguka ndege. Alikuwa akicheka na machozi yanamtoka. "Mulima ulikuwa chini yangu," akamwambia Grégoire. "Kahuzi yote. Tunarudia lini?"

Gari la Wauters likaingia uwanjani.

Alishuka bila fimbo, na bila maneno, maana taya lilikuwa bado linamwuma. Akamshika Lambert shingoni, akampiga kichwa. Lambert hakuwa mtu wa vita. Alianguka, akainuka, akarusha teke. Wazungu wawili wakagaagaa kwenye majani, mmoja anamng'ata mwenzake sikio, mwingine anamkwaruza macho, shati limejaa damu, na wafanyakazi wa mota wakasimama mbali wakitazama jambo ambalo hawakuwahi kuliona.

Grégoire alipiga hatua mbili kwenda kwao. Clémence akamshika mkono ule mbovu. "Ukimugusa, utafia gerezani," akasema. "Usimuguse yeye."

Akasimama. Kisha akageuka, akaingia bandani, akatoka na shoka la kuchongea vigingi.

Pigo la kwanza lilipasua kiti. La pili na la tatu akayapeleka kwenye boriti, pale pale Wauters alipokuwa akipapasa kila mara, na mbao ngumu ikarusha vipande usoni mwake. Akalikata bawa kwenye shina lake, likaanguka kama mbuzi aliyechinjwa, akalifuata chini, akapiga kitambaa, akapiga mbavu za mbao zilizokuwa ndani, akapiga nyaya zikaruka na kumchana shavu. Alikuwa akinguruma na hakujua. Wauters alimwacha Lambert, akaja anakimbia, akafika na kusimama mbele ya shoka lililoinuliwa. Waliangaliana. Uso wa mzungu ulikuwa wa mtu anayeona maiti ya ndugu yake. Grégoire akalishusha shoka, si juu yake, juu ya mkia, na mkia ukakatika.

Alikimbilia kwenye mashamba kabla polisi hawajafika. Kesho yake, chini ya turubai la lori la mbao, alikuwa njiani kwenda Mwenga.

Polisi walimtafuta huko Kasha, nyumbani kwa Léopold. Walivunja vitanda, wakamsukuma Léopold mpaka mkongojo ukamtoka, wakampiga Clémence makofi mbele ya majirani wakitaka aseme yuko wapi. Alikaa kimya na pua ikitoka damu. Masista wakaambiwa kwamba mwalimu wao anaficha wahalifu, na kufikia Pasaka alikuwa hana kazi. Lambert alihamishwa Kasai. Chama kiliendelea na biplasi peke yake, kwa kuwa hakikuwa na nyingine ya kufundishia, na watu waliofanya kazi uwanjani wanasema kwamba kuanzia hapo wageni walikuwa wakirudi hata Jumapili ya mvua. Wauters hakufundisha tena. Alikuja, akaketi garini, akaondoka.

Clémence alimfuata Grégoire Mwenga kabla ya mwaka kwisha, akapata darasa katika shule ya misheni ya wachimba dhahabu, na padri akawafungisha ndoa. Grégoire alichimba. Mgodini kulikuwa na mashine ya kuvuta vigari kwa waya, na siku ya kwanza ilipoanza kukunja, mikono yake ilitetemeka hata akaangusha sururu kwenye mguu wa mwenzake, wakapigana. Aliomba kuhamishiwa mtoni, kuchekecha mchanga, kazi ya mshahara mdogo zaidi, mahali ambapo mlio ule haukufika. Ile alasiri moja nzuri na Lambert ilikuwepo bado, aliweza kuisimulia akitaka, lakini kila aliposikia waya unakazwa, lililomjia mwilini lilikuwa Ubao.

Mkewe alikuwa na alasiri moja tu, naye hakuwahi kuukalia Ubao. Aliwachorea wanafunzi wake mteremko na mishale ya upepo ubaoni. Alijua sasa kwa nini tai wanazunguka upande ule wa bonde na si huu, na aliwasimamisha watu njiani kuwaonyesha.

Jumapili moja baada ya misa, mhandisi wa mgodi alipita mbele ya nyumba yao, na Clémence akamsalimia, akamwuliza kama kuna mahali pengine Kongo ambapo watu wanajifunza planeri. Mzungu alishangaa, akakuna kichwa, akasema labda Élisabethville.

"Na kutoka hapa, Bwana, ni safari ya namna gani?"

Mhandisi akaanza kueleza, barabara, mashua, treni. Grégoire, aliyeketi mlangoni, alisikiliza kidogo. Kisha akainuka, akachukua ndoo, akaenda kuchota maji, kazi ambayo siku ile haikuwa yake.